Kikao cha Barua Pepe Kimepita Bila Wewe, Somo

Somo yangu Rukia,

Nilianza kwa kukujulia hali, mkono ukasita, nikafuta. Nikaanza tena na salamu za nyumbani, nazo nikazifuta. Basi nianzie hapa hapa panaponisumbua: kile kikao kimepita. Kile ulichokuwa ukikisubiri, ambacho uliapa kwamba ungekuja hata kwa kubebwa. Kimepita, na kiti chako walikiwekea mikoba.

Ningekuwa na mtu mwingine wa kumweleza nisingekuandikia. Nilijaribu kumwambia mume wangu. Akasema, "Ni barua pepe tu, Rukia." Wewe ungemjibu. Mimi nilienda kukunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Ndivyo nilivyo tangu uondoke. Situlii. Nikikaa ofisini natoka, nikitoka narudi. Wamenipa chumba chote kile peke yangu, na meza yako ipo, lakini nimeigeuza ielekee ukutani kwa sababu kila nikiinua macho nilikuwa nataka kukwambia jambo. Sasa naiona imegeuka ukutani, nakasirika kwamba nimeigeuza.

Unakumbuka walivyotupa chumba kile? Walidhani wanafanya mzaha, Rukia wawili chumba kimoja, mmoja wa historia na mmoja wa Kiswahili. Ulisimama mlangoni na fimbo yako nyeupe ukauliza, "Somo yangu yuko wapi humu?" Nikasema niko hapa, kuna hatua ya ngazi mbele yako. Ukasema, "Hiyo nimeshaisikia." Tangu siku hiyo hukuniita jina langu tena, wala mimi lako, kama ilivyo kwetu pwani kwa watu wa jina moja. Wewe wa Kiwangwa, binti wa wakulima wa mananasi, uliyepoteza macho kwa surua kabla hujaanza shule. Mimi wa mjini Bagamoyo, wa ukoo wa wenye maduka, ambao mpaka leo watu hutuuliza Omani kukoje, utadhani tulirudi jana. Watu walijiuliza tunaongea nini mchana kutwa. Tulikuwa tunabishana.

Na ubishi wetu mkubwa ulikuwa huu huu wa barua pepe.

Nakumbuka siku uongozi ulipoleta wazo lenyewe. Barua pepe zetu zote zilikuwa zikikaa kwenye seva ya chuo, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma ya maktaba, chini ya ulinzi wa Hamza fundi. Umeme ukikatika, na barua zimekatika. Mvua ikinyesha kwa upepo, Hamza huyo na turubai. Muhula mmoja ilizimika moja kwa moja, wanafunzi wakawa wanatuletea kazi kwenye flashi zilizojaa virusi. Sasa uongozi ukasema tuhamishie kila kitu kwa kampuni ya nje. Tutapewa barua pepe, mahali pa kuhifadhia mafaili, zana za wanafunzi kuandikia kazi pamoja, na vyote bure.

Mimi niliruka. Nikakwambia baba yangu dukani hakuwahi kupokea kitu cha bure bila kumtazama mletaji usoni na kumuuliza, "Na wewe unataka nini?" Nikakwambia ninafundisha historia, najua makaratasi ya pwani hii yako kwenye makabati ya nchi gani, na nani anatakiwa kuomba viza ili ayasome. Na sasa tunawapelekea wenyewe, barua za watoto wetu, matokeo yao, shida zao. Siku ile nilisema kwa muda mrefu. Uliniacha nimalize. Halafu ukafungua kompyuta yako, ukaongeza sauti, ukaingia kwenye barua pepe ya chuo.

Ile programu yako ya kusoma skrini ikaanza. "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Ukaniuliza, "Hapo nibonyeze ipi, somo?"

Sikujua. Kwa macho niliona kila kimoja na alama yake, bahasha, pipa la taka, mshale. Kwako vyote vilikuwa kitu kimoja. Aliyetengeneza ule ukurasa hakuvipa majina, na Hamza alishajaribu kuvipa akashindwa. Halafu ukafungua ile akaunti ya bure uliyojifungulia mwenyewe, ya kampuni ile ile ninayoitukana, na sauti ikasema wazi, "Barua mpya. Jibu. Futa. Tuma."

Nikasema bado wanazisoma. Mashine zao zinazisoma.

Ukacheka. Kile kicheko chako cha puani. Ukasema, "Somo, barua zangu zimesomwa na watu tangu nizaliwe. Za shule alisoma mwalimu. Za kaka yangu alisoma jirani. Barua ya kwanza ya mchumba alinisomea dada wa bweni, akaongeza na yake. Ya ajira alinisomea karani, kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni. Wewe unaogopa mashine ya ng'ambo. Mimi namwogopa karani."

Nilikuwa na jibu. Siku zote nilikuwa na jibu. Nikasema shida ni kurekebisha seva yetu iseme majina, si kuihama. Ukasema, "Irekebishwe lini?" Tukaenda kunywa chai bado tunabishana, na mama wa kantini akatuuliza kama tumegombana.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kufika nawe tena, hata ulipokuwa hai.

Ile asubuhi ya barua ya daktari. Ulikuwa umerudi kutoka Dar, walikokuchukua kipimo, ukasema daktari ameahidi kuandika. Ulimpa anwani ya chuo kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kitambulisho chako. Ukasema, "Nisomee, somo, hii takataka inaniimbia vitufe." Nikavuta kiti upande wako. Niliifungua. Macho yana haraka kuliko mdomo, hilo hukulijua kwa kuliona lakini ulilijua. Macho yangu yalishafika mwisho wakati mdomo uko kwenye "Ndugu Rukia." Kulikuwa na maneno machache tu. Majibu yametoka. Tafadhali uje mapema iwezekanavyo. *Uje na ndugu wa karibu.*

Nilisoma mpaka "uje," sauti ikabadilika. Nilijaribu kuirudisha.

Uliweka mkono juu ya kibodi kama mtu anayemtuliza mtoto. Kisha ukasema, polepole, "Kwa hiyo wewe umejua kabla yangu."

Hukusema kwa kunilaumu. Uliniomba nisome nami nilisoma. Baadaye, kwenye gari tukienda Dar, mimi nikiwa ndiye huyo ndugu wa karibu, tulipopita Mapinga ukaniambia jambo ambalo sikukujibu. Ulisema, "Ningependa ningeisoma peke yangu kwanza. Nilie, ninawe uso, halafu nije nikwambie." Ukasema tu hivyo, ukaomba nishushe kioo upate upepo.

Nilishusha kioo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukosa jibu kwako.

Basi ukaumwa, ukaondoka, tukakuzika Kiwangwa kabla ya alasiri, na mimi nikarudi chuoni kufundisha.

Wakati wa majaribio ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo nikueleze. Kabla kamati haijaamua, uongozi uliwaagiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajifungulie kila mmoja akaunti ya bure kwa ile kampuni, watumie muhula mmoja tuone. Mkataba haukuwa umesainiwa. Kila mtu na yake, kwa namba yake ya simu.

Katika hao mwaka wa kwanza amekuja msichana asiyeona. Anaitwa Tumaini, kwao Lugoba. Unaona ulivyomkosa? Kwa miaka yote ile ulikuwa peke yako, umeondoka tu, amekuja. Ana maneno mengi na anatembea haraka mno kwa mtu anayeshika fimbo, wenzake wanampisha. Wiki ya kwanza alikuja ofisini akiulizia "yule mwalimu mwenzangu." Nikamwambia amefariki. Akasema, "Basi nilikuja chuo hiki kwa ajili yake, sasa nitafanyaje?" Nikampa kiti. Nilimpa cha kwangu, cha kwako sikuweza.

Majaribio yale kwake yalikuwa idi. Alikuwa akiniletea habari, "Mwalimu, leo nimeandika kazi ya kikundi na wenzangu wanne, kila mmoja yuko kwao, nami nilikuwa nasikia nani anaandika wapi." Siku nyingine, "Mwalimu, mama amepewa simu na kaka, ameniandikia, nimeisoma mwenyewe chini ya ngazi." Nikamuuliza ameandika nini. Akasema, "Siwezi kukwambia." Akacheka. Somo, nilisimama pale nikiwa na furaha na wivu na hasira juu yako vyote pamoja, kwa sababu ulikuwa sahihi na hukuwepo nikuone unavyojivuna.

Halafu akaibiwa simu. Alikuwa akirudi kutoka kwao baada ya likizo fupi, stendi ya Chalinze, mtu akampokea begi kwa wema, na simu ikaenda na wema huo. Alipofika chuoni akaingia kwenye kompyuta ya maktaba afungue akaunti yake, na ile kampuni ikamshuku. Kifaa kigeni. Ikataka kumtumia namba ya siri kwenye simu aliyoibiwa. Akachagua njia nyingine. Ikamletea picha.

Alikuja mbio ofisini kwangu. Siku ile ile ndiyo ya mwisho kukabidhi kazi ya Kiswahili, na kazi yote iko humo ndani. Akasema, "Mwalimu, mashine imeniuliza kama mimi ni mashine."

Nilienda naye. Kwenye skrini kulikuwa na vijipicha tisa na maandishi ya Kiingereza, thibitisha kwamba wewe si roboti, chagua zote zenye taa za kuongozea magari. Kulikuwa na alama ya sikio chini yake kwa wasioona. Tukaibonyeza. Ikatoka sauti ya mtu anayesema maneno ya Kiingereza akiwa kama yuko ndani ya pipa, na nyuma yake kelele kama za mashine ya kusaga. Tumaini akaandika alichosikia, ikakataa. Nikasikiliza mimi, mwenye Kiingereza cha kusomea, ikakataa. Nikamchagulia taa kwa macho yangu, ikakubali, kisha ikarudi pale pale kwenye namba ya simu. Tukazunguka hivyo mpaka ikasema majaribio yamezidi, turudi siku nyingine.

Nikamwita Hamza. Maskini alikuja na bisibisi mkononi, utadhani kuna kitu cha kufungua. Alitazama, akakuna kichwa. "Hii si yangu, mwalimu. Ingekuwa ya kwangu ningemfungulia sasa hivi. Hii wenyewe wako mbali."

"Kuna namba ya kupiga?"

"Hakuna. Kuna ukurasa wa kusoma."

Ukurasa wenyewe ulikuwa unamwambia aandike namba iliyotumwa kwenye simu aliyoibiwa.

Tumaini hakulia. Alikaa pale kwenye kompyuta ya maktaba, akaanza kuandika kazi upya toka kichwani, na mimi nikaenda kumwombea muda kwa mwalimu wake. Alipewa. Lakini nilipokuwa natembea kwenye korido nilikuwa nakusuta wewe kwa sauti. Mhudumu wa usafi alinisikia. Nilikuwa nasema, "Haya, somo, kwa karani mtu anagonga mlango. Hapa agonge wapi? Nionyeshe mlango!"

Ndani ya hali hiyo ndipo kikao kikaitishwa.

Niliandaa hotuba ya kukataa. Nilikuwa nayo yote, makabati ya ng'ambo, kitu cha bure, na sasa nina Tumaini, ushahidi ulio hai. Niliingia na moto. Mwenyekiti, yule daktari wa uchumi uliyekuwa ukisema anaongea kama anasoma hesabu za mtu mwingine, akafungua kikao kwa dua, akakutaja, tukasimama kimya. Tukakaa. Akaeleza kwamba seva imechoka na kununua nyingine haiwezekani. Kisha akasema, "Msimamo wa mwalimu Rukia tunaujua, karani auandike tu tusipoteze muda."

Karani akaanza kuandika. Nilisikia kalamu yake. Naye alikuwa hajanisikia.

Nikasema, "Asiandike. Nitasema mwenyewe."

Nikasimama, na somo, sijui nini kilinitokea. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme hapana. Nikawasimulia barua ya daktari. Sikutaja ugonjwa, wala maneno yaliyokuwemo. Niliwaambia tu kwamba mwenzetu aliyekuwa akiketi pale penye mikoba alisomewa habari nzito kuliko zote za maisha yake na mtu mwingine, kwa sababu chuo hiki kilishindwa kuvipa vitufe majina, na kwamba mtu huyo mwingine nilikuwa mimi. Mtu mmoja akaondoa mikoba kwenye kiti. Sikumwambia aiondoe.

Nikasema nakubali tuhame.

Wakanong'ona. Nikasema lakini sijamaliza. Nikawaeleza siku ya Tumaini na taa za barabarani. Nikasema kama tunahama basi tuhame kwa mkataba wenye jina la chuo, ambamo Hamza mwenyewe ana uwezo wa kumfungulia mwanafunzi aliyefungiwa, siku hiyo hiyo, hapa hapa. Na Hamza akae mahali penye mlango unaogongeka, si kupelekwa kutengeneza mashine za kudurufu kama ilivyopangwa. Na barua za wanafunzi kwa mshauri wao, zile wanazoandika wakiwa wamebakwa, wakiwa na mimba, wakitaka kujiua, zisihame. Zibaki kwenye kompyuta ndogo hapa nyumbani, hata kama ni ya turubai, ila irekebishwe isomeke na asiyeona.

Mwenyekiti alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema la mkataba limo na litafanyika. La Hamza litaangaliwa bajeti ikiruhusu. La barua za mshauri litachanganya mfumo, tuliache kwa sasa, kampuni ina ulinzi mzuri kuliko wetu.

Nikauliza, "Tuliache mpaka lini?"

Akasema, "Mwalimu, tupige kura."

Nikanyoosha mkono wa kukubali. Kwa ajili yako, kwa ajili ya Tumaini chini ya ngazi. Nikaunyoosha huku nikijua kwamba msichana fulani mwakani atamwandikia mshauri jambo ambalo hajamwambia mama yake, na litakwenda kulala kwenye nchi nisiyoijua. Nimelinyooshea mkono hilo pia. Huwezi kunyoosha mkono nusu.

Hilo ndilo linalonitoa kitini kila nikikaa, somo. Ningeshindwa ningelala salama. Nimeshinda nusu, tena nusu yako.

Baada ya kikao Hamza akanifuata nje. Alikuwa ameagizwa ahamishe visanduku vya barua pepe kimoja kimoja. Akaniuliza kwa adabu, akitazama chini, "Cha marehemu nikihamishe, au?" Akasema barua bado zinaingia humo. Matangazo, mialiko, wanafunzi wasiojua. Utaratibu wa chuo unasema familia ndiyo iamue.

Nikaenda Kiwangwa siku ya Jumamosi. Mama yako alikuwa uani anamenya muhogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, Rukia. Rukia mwanangu." Alilirudia hivyo mara ya pili kwa sauti nyingine, nami sikujua mara ile ya pili alikuwa akimwita nani. Sikuuliza. Nilichukua kisu nikamenya naye.

Nikamweleza kisanduku ni kitu gani. Alielewa haraka. Akaacha kumenya, akaniambia, "Kama mna maneno yake humo, niletee. Hata machache. Unisomee."

Somo, hapo ndipo nilipotamani ardhi inifunike. Nitamnyimaje? Mama amekuzaa, amekubeba mgongoni kukupeleka shule ya bweni, anataka maneno yako. Na ningeweza. Hamza angenifungulia, ningekaa nikachagua nzuri nikamletea. Lakini ningechaguaje bila kuzisoma zote? Ningekuwa karani yule yule, safari hii wewe hupo hata wa kunisikia sauti ikibadilika.

Nikamwambia kweli. Nikasema, "Mama, humo mna barua za wanafunzi waliomwandikia mambo yao, na mna mambo yake ambayo hakutaka kusomewa na mtu. Aliniambia mwenyewe alikuwa amechoka kusomewa."

Aliweka kisu mapajani. Nilidhani nimemvunja moyo. Kisha akauliza, "Alikuambia hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Alipokuwa mdogo alikuwa akinificha vile vitabu vyake vya nundu, na mimi siwezi kuvisoma hata nikivishika." Akacheka kidogo, akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Basi mwacheni na mambo yake. Kifuteni."

Lakini sikuweza kuondoka nikamwacha mikono mitupu. Nikatoa simu. Zile jumbe zako za sauti ulizonitumia mimi, hizo ni zangu, ulinipa mwenyewe. Nikamwekea ile ya siku uliyouziwa nanasi bichi pale Mapinga, wewe, binti wa Kiwangwa, na jinsi ulivyomwambia muuzaji kwamba utampeleka kwa mama yako akafundishwe kunusa. Mama alishika simu kwa mikono miwili akaibandika sikioni japo sauti ilikuwa inasikika ua mzima. Ulipofika kwenye "nitakupeleka kwa mama," akaitikia. Akasema, "Mlete." Akaomba irudiwe. Tukairudia mpaka chaji ikaisha, na mdogo wako akaenda kuichajisha kwa jirani mwenye sola ili tuirudie tena.

Jumatatu nikamwambia Hamza kwamba familia imeamua kifutwe. Akaniuliza kama nataka kuangalia chochote kwanza, hata vichwa vya barua tu. Nikasema hapana. Nikasimama mlangoni kwake nikimpa mgongo mpaka aliposema, "Tayari, mwalimu." Basi. Hakuna aliyezisoma.

Habari nyingine ni hizi. Tumaini alipata akaunti mpya ya chuo siku mkataba ulipoanza kazi. Hamza alimfungulia kwa dakika chache naye akampigia makofi. Bajeti ya Hamza haijaruhusu, kwa hiyo rasmi yuko kwenye mashine za kudurufu. Ila mchana anakuja kukaa ofisini kwetu, kwenye meza yako. Nimeigeuza tena, imetazama mlango. Wanafunzi wameshajua, wanagonga. Leo wamegonga wengi mpaka nimeshindwa kusahihisha, nikawafokea, kisha nikawaomba radhi. Na la barua za mshauri halimo kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nimeliandika mimi mwenyewe nikapeleka. Mwenyekiti amelirudisha. Nimelipeleka tena.

Nakuahidi hili, somo, nalo silisemi kwa ajili ya kujifariji: sitaacha kulipeleka. Watanichoka. Watasema yule Rukia wa historia ameanza kuwa kama yule Rukia wa Kiswahili. Na wasichana wanaomwandikia mshauri nitawaambia kwa mdomo wangu barua zao zinakaa wapi, ili anayetaka kuja kusema ana kwa ana ajue mlango uko wapi. Hilo sihitaji kikao kuniruhusu.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko, akukirimu kuliko tulivyoweza sisi. Kwa heri, somo yangu. Wewe pumzika, umebisha vya kutosha. Mimi wananiita kikaoni, na kuna mtu anagonga.

Somo yako,
Rukia